Kununua X-Trail iliyotumika: mwongozo kamili kwa familia ya Nakuru, Kisumu na magharibi

Barabara ya Nakuru kwenda Kisumu ina mtihani wake. Unaondoka mjini ukiwa mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda Salgaa na Sachangwan mpaka Mau Summit ambako umepita mita 2,400, kisha unashuka Kericho na kuangukia joto la Awasi na Ahero, chini kwenye uwanda wa Kano. Gari la familia halipiti huko likiwa tupu. Limebeba watu sita au saba, gunia la viazi, mtungi wa gesi na sanduku la mtoto anayerudi shule.

Mtihani huo nilikutana nao vibaya. Gari letu la kwanza la familia tulilijaribu kwa dakika kumi, asubuhi, kwenye barabara tambarare karibu na yadi. Lilikuwa linang'aa na kiyoyozi kilikuwa baridi. Wiki ya tatu tukawa njiani kwenda mazishini, mama mkwe mbele, watoto nyuma, na mlimani gari likaanza kuishiwa nguvu. Nikikanyaga mafuta injini inalia, gari haliendi. Malori yalitupita yakipiga honi. Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likashuka, na maziko yakafanyika bila sisi. Giaboksi ile ilikuwa imeharibika kabla hatujainunua, ila siku ya kujaribu hakuna aliyeipa joto la kutosha ionyeshe.

Tangu hapo, ndugu au jirani akiniomba nimsindikize kutazama gari, nampa sharti moja: halilipiwi mpaka lipande mlima likiwa limeshapata moto. Hatua nyingine zote hapa chini ni matayarisho ya safari hiyo ya mlimani, au ni hesabu inayofanywa baada yake.

Nitashika Nissan X-Trail, kwa sababu ndiyo familia nyingi huniulizia: ina nafasi, iko juu kidogo ya ardhi, spea zake zinapatikana Nakuru na Kisumu, na bei yake huwa chini ya Toyota za ukubwa huo. Hiyo bei ya chini ina sababu, na tutaifikia.

Hatua ya 1: Jua ni X-Trail ipi

Kizazi cha T31 kilitengenezwa kuanzia 2007 hadi 2013, ile yenye umbo la sanduku. T32, yenye mgongo wa mviringo, ilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2013. Muuzaji atakwambia "ni ya 2.0, ni foo-wili," na huenda yeye mwenyewe hajui. Soma nambari ya chesisi. Magari ya soko la Japani hubeba aina yake mwanzoni mwa nambari hiyo:

T31 ni petroli ya lita 2.0 inayovuta magurudumu mawili. NT31 ni hiyo hiyo yenye foo-wili, yaani magurudumu yote manne yanaweza kuvuta. TNT31 ni lita 2.5, DNT31 ni dizeli. Kwa kizazi kipya, T32 ni magurudumu mawili, NT32 ni foo-wili, na zikianza na H, yaani HT32 au HNT32, hiyo ni haibridi, inayotumia petroli na umeme pamoja.

Ukikuta gari limetangazwa kuwa foo-wili na chesisi inaanza na T32 tupu, umepata jambo la kwanza la kuuliza.

Maoni yangu: familia ya mjini inayokwenda mashambani mara moja kwa mwezi inatosheka na T32 ya magurudumu mawili. Haina ekseli ya kuvuta nyuma wala propela shafti, kwa hiyo kuna vitu vichache vya kuharibika. Mtu anayelala Mau Narok au ndani ya Nandi, ambako mvua ikinyesha njia inageuka utelezi, atafute NT32. Haibridi siishauri huku. Ina mota moja na klachi mbili, pamoja na betri ya volti kubwa, na mafundi wenye vifaa vya kuifungua ni wachache. DNT31 yenye giaboksi ya otomatiki ya gia 6 haina CVT, giaboksi isiyo na gia ambayo tutaieleza kwenye Hatua ya 4, na hilo ni jema. Lakini dizeli yake ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho hujisafisha kwa safari ndefu, hivyo anayezunguka mjini kutwa ataiziba.

Viti vya safu ya tatu ni vya watoto. Usipange kumkalisha babu pale hadi Kericho.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya tairi

Usisafiri kwenda kuona gari kabla ya kupata nambari ya usajili na kuomba nakala ya rekodi zake NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ni ada ndogo, na inakuonyesha mmiliki, chesisi, injini, rangi, mwaka, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja na mwenye gari. Kisha linganisha mambo matatu kwa macho yako: nambari ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma, nambari ya injini, na zile za kwenye rekodi. Herufi moja ikitofautiana, ondoka. Usingoje maelezo.

Kuna hatua ambayo wengi hawaijui. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana kwenye Mali Inayohamishika ya 2017, mkopeshaji anaweza kuandikisha gari kama dhamana kwenye sajili ya serikali hata kama jina lake halimo kwenye logbuku. Sajili hiyo inapekuliwa pia. Kwa mkoa wetu, ambako mikopo ya logbuku imeenea na msimu wa karo huwafanya watu kuuza kwa haraka, upekuzi huu ni lazima. Gari likiwa bado na mkopo, si lazima uliache, lakini pesa za deni zilipwe moja kwa moja kwa mkopeshaji, mbele yenu wote, na barua ya kuliachilia itolewe kabla salio halijamfikia muuzaji.

Dalali asiye mmiliki akikwambia "mwenyewe yuko Nairobi, nitakuhamishia mimi," mwambie asante. Uhamisho wa umiliki siku hizi unaanzishwa na mwenye gari kutoka akaunti yake mwenyewe ya eCitizen.

Kama gari liliingia nchini karibuni, omba cheti cha kusafirishia kutoka Japani. Cheti hicho huwa na kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi kule. Mita ya dashibodi ikiwa chini ya hiyo, imerudishwa nyuma. Omba pia karatasi ya mnada. Alama R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa; kwenye mchoro wa bodi, XX ni sehemu iliyobadilishwa, W ni mahali paliponyooshwa, S ni kutu. Gari lililogongwa si lazima liwe baya, lakini lazima lijulikane na bei iseme hivyo.

Hatua ya 3: Asubuhi, kabla halijawashwa

Patana na muuzaji usiku: "Tafadhali usiliwashe mpaka nifike." Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Likiwa na joto, kuna kitu kimefichwa, labda mlio wa kuwasha, labda betri, labda moshi. Rudi siku nyingine.

Likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta au cha tangi la kulanti. Maji yawe safi na yenye rangi yake, bila utando wa mafuta juu, bila kutu. Maji matupu ya bomba ndani ya gari linaloishi kati ya Timboroa na Kisumu ni dalili kwamba mwenyewe hakulijali. Fungua kifuniko cha oili ya injini utazame chini yake: ute mweupe kama uji unaweza kuonyesha maji yameingia ndani ya oili. Chomoa kijiti, pima.

Sasa washa. Injini za X-Trail hizi hutumia cheni ya taimingi, na cheni iliyolegea hugonga kwa sekunde chache za mwanzo kama kopo lenye kokoto. Kwenye T32, sindano za petroli zinapiga moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, hivyo mlio mwepesi wa tik-tik-tik ni wa kawaida. Wengi huutilia shaka bure. Mtu asimame nyuma kuangalia ekzosi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Ukitokea, usiendelee na injini ya 2.5 hata kidogo, maana injini hiyo ina sifa ya kunywa oili.

Kabla hujawasha kabisa, geuza swichi na utazame dashibodi: taa ya injini, ya ABS na ya eabegi zote lazima ziwake, kisha zizime gari likishaunguruma. Taa ambayo haikuwaka kabisa imezimwa na fundi fulani. Huo ni udanganyifu, na hapo mazungumzo yanaisha.

Hatua ya 4: CVT, ambako pesa zako ziko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo X-Trail inaponunuliwa au inapoachwa.

Giaboksi ya kawaida ina gia zenye meno. CVT haina. Ina puli mbili, kila moja ikiwa na nusu mbili zenye umbo la pia, na kati ya nusu hizo unapita mkanda wa chuma. Nusu za puli zinabanwa na presha ya mafuta: zikikaribiana mkanda unapanda, zikiachana unazama, na uwiano unabadilika bila wewe kusikia gia ikiingia. Mafuta hayo yanabana puli, yanalainisha, yanapooza, na yanahakikisha mkanda haupotezi mshiko. Yakichoka kwa joto, presha inalegea. Mkanda unateleza kidogo tu, unakwaruza puli, na chembe za chuma zinaingia kwenye vali za mafuta. Presha inalegea zaidi. Mzunguko huo unaweza kuchukua mwaka mzima, na wakati wote huo gari linatembea vizuri tu asubuhi.

Tatizo hili si porojo za gereji. Marekani, Nissan yenyewe iliongeza dhamana ya CVT kwa magari yake ya miaka ya 2003 hadi 2010 mpaka miaka 10 au maili 120,000. Gari la mtumba halifiki kwetu na dhamana hiyo.

Adui mkubwa ni usemi kwamba "mafuta ya giaboksi hii hayabadilishwi." Yanabadilishwa. T31 inatumia mafuta ya CVT ya Nissan yaitwayo NS-2, T32 inatumia NS-3. Mafuta ya kawaida ya otomatiki, yale mekundu ya galoni, hayaruhusiwi hata kwa kujaziliza. Kwa milima yetu mimi nahesabu kila kilomita 40,000. Ukimwaga na kujaza, ni karibu nusu tu ya mafuta yanayotoka; nyingine inabaki ndani ya kibadilishi cha torki na paipu. Kwa hiyo muuzaji anayesema "nimemwaga juzi" amebadilisha nusu, na muulize pia kwa nini juzi. Mara nyingine hufanyika ili kutuliza mtetemo kwa wiki mbili za kuuza.

Dalili unazotafuta:

Ukiingiza D au R, gari lichukue mara moja. Likisita sekunde mbili kisha likashtuka, andika.

Ukiwa kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa, kanyaga mafuta kidogo sana, kama mtu anayepita karibu na shule. CVT mbovu hutetemeka hapo, mtetemo wa kupanda na kushuka kama unapita juu ya vijiti. Ukikanyaga kwa nguvu unaweza usiusikie. Ndiyo maana majaribio ya kujionyesha ya muuzaji hayasaidii.

Mshale wa mizunguko ukipanda na spidi haipandi nao, mkanda unateleza. CVT nzima pia hupandisha mizunguko kabla ya spidi unapoikanyaga ghafla, hivyo usichanganye; linganisha na X-Trail nyingine ya rafiki kama unaweza.

Mlio mwembamba kama nyuki unaoongezeka na spidi na usiobadilika ukiweka nyutro gari likiwa linatembea: beringi au puli.

Na ya mwisho, kuishiwa nguvu mlimani. Kompyuta ikiona mafuta ya CVT yamepata joto kupita kiasi, inapunguza nguvu ya injini makusudi ili kuokoa giaboksi. Hicho ndicho kilichotupata sisi.

Hatua ya 5: Mlima

Kisumu una bahati, mlima uko mlangoni. Anzia mjini wakati wa jua, pita Mamboleo, panda Riat mpaka Kiboswa, endelea hadi Mbale ikiwezekana. Nakuru, nenda Salgaa hadi Mau Summit, au chukua njia ya Subukia. Watu wa Muhoroni na Chemelil wana ngazi ya kupanda Nandi Hills, na huo ni mtihani mkali zaidi ya yote niliyotaja.

Kwanza tembea dakika 30 mjini, kwenye msongamano, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Jaza abiria: mchukue shemeji, mchukue fundi, mchukue na muuzaji. Kisha panda bila kukimbia, spidi ya kawaida ya familia, na zima redio. Muuzaji akianza hadithi, mwombe kwa heshima anyamaze kidogo.

Katikati ya mlima tafuta mahali salama pa kusimama, kisha ondoka tena gari likiwa limeelekea juu. Fanya hivyo mara tatu. Gari zima linaondoka taratibu na kwa uhakika. Gonjwa linasita, linatetemeka, halafu linaruka. Ukifika juu usilizime. Liache liungurume dakika kumi, sikiliza feni ya rejeta ikiwaka na kuzima, tazama mshale wa joto, halafu ingiza R na D mara kadhaa. Joto hili ndilo unalolitaka. Kama giaboksi ina siri, itatoka hapa, na kila mara nilipoona tofauti kati ya asubuhi na hapa juu, nimewaambia wenzangu turudi nyumbani.

Mkishuka, sikiliza breki. Usukani ukitetemeka ni diski zilizopinda. Tok-tok ya mbele kwenye matuta mara nyingi ni bushi na linki za stabilaiza, vitu vya bei ya kawaida, na visikutie hofu. Vitumie kupunguza bei.

Foo-wili ijaribiwe kwenye murram, siyo lami. Swichi iko katikati: magurudumu mawili, AUTO, na LOCK. Hakikisha pia tairi zote nne ni za ukubwa na uchakavu unaokaribiana. Mbili mpya nyuma na mbili zilizoisha mbele huchosha kiunganishi cha foo-wili.

Hatua ya 6: Chini ya gari, na maji ya mafuriko

Ingiza gari kwenye shimo la gereji au lipandishwe. Tafuta oili inayovuja kati ya injini na giaboksi, mipira ya ekseli iliyochanika, na kutu kwenye fremu ndogo ya mbele. Magari ya Uingereza na yale ya kaskazini mwa Japani hutembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo kutu yake huanzia chini, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Rangi nyeusi iliyopulizwa chini yote juzijuzi inafaa ikwaruzwe kwa bisibisi.

Halafu mafuriko. Nyando, Ahero na Budalang'i huzama msimu baada ya msimu, na gari lililolala ndani ya maji hukaushwa, huoshwa, na kuletwa mjini. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake: tope hubaki pale ambapo hakuna anayeosha. Inua zulia chini ya viti, tazama bolti za viti kama zina kutu, nusa. Fungua mahali pa tairi la akiba. Gari lililozama usilinunue kwa bei yoyote. Waya zake zitaliwa na kutu kutoka ndani kwa miaka.

Hatua ya 7: Fundi na mashine

Tafuta fundi wako, asiwe wa muuzaji, na mlipe siku yake hata kama hamtanunua. Awe na mashine inayosoma kompyuta ya giaboksi, siyo ya injini peke yake. Kwenye Nissan, msimbo P17F0 au P17F1 unahusu mtetemo wa CVT moja kwa moja. Mashine ya Nissan yenyewe, inayoitwa Consult, huonyesha pia kihesabio cha uchakavu wa mafuta ya CVT. Kwenye kizazi cha T31 kikipita 210,000 mtengenezaji anataka mafuta yabadilishwe. Kihesabio kikiwa sifuri na hakuna risiti ya kubadilisha mafuta, kimefutwa.

Asome kabla ya safari ya mlimani na asome tena baada yake. Misimbo iliyofutwa asubuhi hurudi ikishapata joto.

Kama si X-Trail

Watu wataniuliza kuhusu majirani zake, basi niseme kwa ufupi.

Mazda CX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoanza 2012, ina giaboksi ya otomatiki ya gia 6, haina CVT, na ya petroli ndiyo ambayo ningempa dada yangu bila kusita. Tatizo ni dizeli ya 2.2: ukitembea safari fupi, dizeli isiyoungua hushuka ndani ya oili na kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Kijiti chake kina alama ya X juu ya ile ya kujaa. Oili ikifika hapo, ibadilishwe mara moja. Chesisi ya dizeli huanza na KE2, petroli ya 2.0 ni KEE, ya 2.5 ni KE5.

Subaru Forester ni hodari sana kwenye utelezi. Zile za zamani za injini ya EJ zina belti ya taimingi, ambayo risiti yake lazima uione, na gasketi za silinda hedi zinazovuja. Za injini ya FB zina cheni, lakini za mwanzo zinajulikana kwa kunywa oili, na nyingi za kizazi cha SJ, ziwe na tabo au la, zina CVT pia, kwa hiyo mlima unazihusu vilevile.

Toyota Vanguard na RAV4 za lita 2.4: pima oili, endesha wiki moja kama ni ya mtu unayemjua, pima tena. Ringi za pistoni za injini hiyo ni udhaifu unaojulikana. Bei yake ya juu inatokana na jina kuliko hali ya gari lililo mbele yako.

Hatua ya 8: Bei na malipo

Orodhesha kila ulichokiona na bei ya spea, piga simu dukani mbele ya muuzaji, toa jumla hiyo kwenye bei. Usitoe "kitu kidogo" kwa kukisia. Muuzaji mwungwana hukubali hesabu iliyoandikwa kwa urahisi kuliko kelele. Na katika bajeti yako tenga asilimia 10 hadi 15 ya bei kwa mwezi wa kwanza. Kama huna hiyo akiba, tafuta gari la bei ya chini zaidi. Usinyooshe mkono mpaka mfuko ukauke.

Andikeni mkataba wenye chesisi, injini, kilomita, tarehe na saa, mbele ya wakili. Saa ni muhimu kwa sababu ajali iliyotokea mchana wa siku hiyo lazima iwe na mwenyewe. Lipa kwa benki, si kwa bahasha. Kaeni pamoja mpaka muuzaji aanzishe uhamisho na wewe uukubali. Sheria ya Trafiki haimruhusu mtu kutumia gari zaidi ya siku 14 bila kuandikishwa kwa jina lake. Bima ianze kabla hujaugusa usukani kwenda nyumbani.

Hatua ya 9: Mwezi wa kwanza

Badilisha mafuta ya CVT wiki ya kwanza, endesha kilomita 1,000, badilisha tena, ndipo sehemu kubwa ya mafuta ya zamani itakuwa imetoka. Mwambie fundi ayaangalie yaliyotoka: meusi na yenye harufu ya kuungua, au yenye unga wa chuma mwingi kwenye sumaku za sampu, ni habari unayoitaka mapema. Badilisha oili ya injini, kulanti, mafuta ya breki na filta ya hewa.

Kisha osha rejeta na kondensa kutoka nje, kwa maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Kisumu wadudu wa ziwani huganda pale kama ugali uliokauka, na Nakuru ni vumbi jeupe. Hewa isipopita, CVT ndiyo inayoumia kwanza. Anayepanda Nandi au Mau kila wiki na mzigo amwombe fundi anayemwamini afunge kipoza cha ziada cha mafuta ya giaboksi. Nimeona kikifungwa kwenye magari matatu ya watu wangu, na yote bado yanapanda.

Andika kwenye kipande cha plasta ndani ya boneti: tarehe, kilomita, NS-3, na kilomita za zamu ijayo.